UZI: Yatima aliyechunga bata akaja kuchora mbalamwezi mpaka watu wakachungulia nyuma ya picha kutafuta taa

#1 Mtoa mada

Wakuu habari za jioni, umeme umerudi sasa hivi acha nishushe huu uzi kabla hawajakata tena.

Mimi kazi yangu picha. Sio zile za kwenye majarida, ni hizi za paspoti, harusi, kipaimara, na pale kibandani kupiga ni dakika moja tu, kazi yenyewe ni kusafisha. Mteja anaingia na chunusi anatoka hana, bibi anaingia amenuna anatoka anatabasamu. Sasa siku moja nikakutana na habari za mchoraji wa zamani wa Urusi anaitwa Arkhip Kuindzhi, kwamba kabla hajawa mtu alisota miaka kwenye studio ya picha anafanya retachi, yaani anagusagusa negativu kwa penseli na brashi kuondoa madoa. Nikasema ehee, huyu wa kwetu huyu! Tangu hapo sijamuacha, kila nikipata bando namfukunyua.

Twende mwaka 1880 kwanza, ya utotoni nitarudi.

Ni Saint Petersburg, msimu wa baridi ndio unabisha hodi, mtaa wa Bolshaya Morskaya. Kuna foleni barabarani, magari ya farasi yamejazana, watu wamevaa makoti yao wanasubiri saa nzima na zaidi. Wanasubiri nini? Picha moja. Narudia, MOJA. Enzi hizo maonyesho ni kuta zimejaa picha mpaka darini, huyu jamaa kakodi ukumbi katundika kanvasi moja tu, urefu hata mita moja na nusu haifiki, inaitwa Usiku wa Mbalamwezi kwenye Mto Dnieper. Madirisha kayafunika mapazia mazito, ukumbi giza, halafu taa ya umeme imeelekezwa kwenye picha peke yake. Kumbuka huo ni mwaka 1880, umeme wenyewe bado ni maajabu.

Unaingia unaona anga pana limejaa mawingu mepesi, mwezi mdogo tu, chini yake mto unang'aa ukijani wa ajabu, pembeni vibanda na kinu cha upepo, basi. Hakuna mtu, hakuna farasi, hakuna kisa. Na watu walisimama kimya wengine wakatoka macho yamelowa. Wengine wakazunguka kuangalia nyuma ya kanvasi maana waliamini kuna taa imefichwa. Wengine wakasema katumia rangi za mwezi kutoka Japani, na wapo waliosema kabisa huyu ana mashetani.

Nakunywa chai narudi.

#2 Mdau

Kaa hapo hapo mkuu usije ukatuacha kama ule uzi wako wa kamera za filamu. Nimeweka mkeka.

#3 Mdau

Hiyo sasa si ni kiki? Chumba giza, taa moja, picha moja. Hata mimi nikikupeleka chumba cha giza nikakuwashia tochi kwenye kalenda ya benki utalia.

#4 Mtoa mada

Mkuu wa kalenda ya benki nitakujibu, na swali lako ndio swali lenyewe, waliokuwepo 1880 waliliuliza hivyo hivyo. Ila ngoja kwanza tujue huyu mtu katokea wapi.

Kazaliwa Mariupol, mji wa pwani ya bahari ya Azov, mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mwaka kamili unagombaniwa kwa sababu hati zake zenyewe hazikubaliani, moja inasema hivi nyingine vile, wengi wanachukua 1842. (Hapo kila mtu mwenye babu aliyezaliwa "mwaka wa njaa" ananielewa.) Baba yake fundi viatu, Mgiriki, lakini wale Wagiriki wa kule waliohamishwa kutoka Crimea ambao nyumbani wanaongea lugha ya jamii ya Kituruki. Hata jina Kuindzhi ni hukohuko, maana yake sonara. Kuna ndugu yake mmoja alilitafsiri kwa Kirusi akawa Zolotarev. Sonara vilevile!

Wazazi wakafa akiwa mdogo sana, kama miaka sita hivi. Akalelewa na ndugu wa ukoo, na kulelewa kwenyewe mnakujua, kula unakula ila kazi utafanya. Akachunga bata bukini. Akawa kibarua kwa mkandarasi aliyekuwa anajenga kanisa, kazi yake kuhesabu matofali, na humo kwenye daftari la matofali anachora. Akawa mtumishi kwa mfanyabiashara wa nafaka, huko nako anachora ukutani. Shule kasoma kidogo mno, na uandishi ulimsumbua mpaka uzee.

Ndio watu wakamwambia kijana wewe nenda Feodosia kwa Aivazovsky. Huyu Aivazovsky alikuwa ndio baba lao wa kuchora bahari, tajiri, anajulikana mpaka kwa masultani wa Istanbul. Dogo akaenda Crimea, mwaka 1855 hivi, umri kama wa darasa la saba. Unajua alipewa kazi gani? Kusaga rangi na kupaka uzio. Aliyemwonyesha mawili matatu ni kijana mwingine wa hapohapo, mzee mwenyewe wala. Akarudi.

Halafu sasa ndio ikaja miaka yangu mimi, ya retachi. Studio za picha za Taganrog na miji ya jirani, miaka ya mwanzo ya 1860. Watu wanaoandika kuhusu Kuindzhi hapo wanapita mbio, sentensi moja wamemaliza. Mimi nasema hapana. Ukikaa miaka mitano unaangalia negativu, pale nyeusi ndio nyeupe na nyeupe ndio nyeusi, kichwa kinabadilika. Unaacha kuona pua na macho unaanza kuona hapa kumewaka hapa kumezama. Hii ni hisia yangu kama fundi, wataalamu wanisamehe.

#5 Mdau

"Kusaga rangi na kupaka uzio" 😂 hapo umenikumbusha nilipoenda kujifunza ushonaji nikapewa ufagio miezi minne.

#6 Mdau

Sasa Petersburg alifikaje kama shule hana?

#7 Mtoa mada

Kwa ubishi. Akaenda Petersburg kujaribu Akademia ya Sanaa, mtihani akapigwa chini. Akajaribu tena, chini tena. Mwaka 1868 akapeleka kwenye maonyesho picha ya nyumba ya Kitatari ya kule Crimea kwenye mbalamwezi (mnaona, mwezi umeanza zamani), ndio wakamkubali aingie kama msikilizaji tu, si mwanafunzi kamili.

Mji ule ulikuwa na moto. Mwaka 1870 ndio lilikuwa limeundwa lile kundi linaitwa Peredvizhniki, wachoraji waliochoka na Akademia kuwapangia wachore miungu ya Wagiriki na Warumi, wakasema sisi tutachora nchi yetu na watu wake na maonyesho tutayabeba mji hadi mji, badala ya kukaa Petersburg tunaangaliana. Kina Kramskoi, Shishkin, baadaye Repin. Kuindzhi akaanza kuonyesha nao, na kazi zake za mwanzo ni za huzuni hasa, Kijiji Kilichosahauliwa ya 1874 ni tope na anga la kijivu unaweza kusikia baridi, halafu ile ya 1875 ya misafara ya mikokoteni ya ng'ombe inatota kwenye tope karibu na Mariupol. Yaani alikuwa anachora kama wengine. Tretyakov, yule tajiri wa Moscow aliyekuwa ananunua picha za Warusi kama mtu anavyonunua viwanja, alichukua yake ya kisiwa cha Valaam.

1875 akaoa, Vera, binti wa mfanyabiashara wa Mariupol. Mwaka uliofuata akatoa Usiku wa Ukraine na hapo ndio mtu mwingine akatokea. Vibanda vyeupe juu ya kilima vinawaka mbalamwezi, giza la bluu kama bahari. Watu wakashtuka. Mwaka 1878 ikaenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya dunia.

1879 akatoa Kichaka cha Mibetula, ile miti yao yenye gome jeupe. Jua limepiga uwanja wa majani mpaka unataka kukunja macho, miti mbele imekatwa juu huoni vilele, kijito kimetulia katikati. Hakuna majani mojamoja, kapaka mabonge ya kijani na kivuli. Mwenzake Shishkin angekuhesabia kila sindano ya msonobari, huyu anakupa jua tu. Sasa mwaka huohuo ikatoka makala gazetini isiyo na jina la mwandishi inamponda, kwamba anarudia mbinu zilezile na anatafuta mwanga wa kushtua watu. Kumbe mwandishi ni Klodt, mchoraji mwenzake wa mandhari, wa kundi lao lilelile! Kuindzhi akataka mtu huyo aondolewe kundini, haikuwezekana, akaondoka yeye.

Na aliyeondoka hivyo mwaka unaofuata ndio anakodi ukumbi peke yake na picha moja. Mnaielewa sasa ile jeuri?

#8 Mdau

Kiongozi samahani, huyu ni Mrusi kweli? Mariupol si Ukraine? Tusije tukawa tunabeba propaganda humu.

#9 Mtoa mada

Swali zuri na halina jibu la neno moja. Alizaliwa kwenye himaya ya Urusi, mji ambao ni wa Ukraine, kwenye familia ya Kigiriki inayoongea lugha ya Kituruki, akasoma na kuishi na kufa Petersburg, akaonyesha na Warusi, na picha zake nusu ni za Ukraine: Dnieper, nyika, vibanda. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York, ambalo lina picha yake ya machweo mekundu, walibadilisha kibao chake wakaandika ni Mukraine. Warusi wana makumbusho ya nyumba yake Petersburg na wanamuita wao. Kule kwao Mariupol kulikuwa na makumbusho madogo ya jina lake, Machi 2022 vita ikaibomoa, picha zake chache halisi zilikuwa zimeshatolewa ukutani kabla.

Mimi kwenye kichwa cha habari nimeandika yatima, sijaandika taifa, na nilifanya makusudi.

#10 Mdau

Mtoa mada unakwepa swali la kalenda ya benki.

#11 Mtoa mada

Haya sasa, tuongee kifundi.

Kwanza ukweli ni kwamba picha ilishawamaliza watu kabla ya ule ukumbi. Kabla ya maonyesho alikuwa anafungua chumba chake cha kazi kwa muda wa saa mbili kila Jumapili, watu waje waone. Walikuja Turgenev mwandishi, Kramskoi, na Mendeleev. Ndio, Mendeleev yule wa jedwali la elementi aliyetutesa kidato cha tatu, alikuwa rafiki yake, na aliandika mpaka makala gazetini kuhusu hiyo picha. Na ilishauzwa tayari. Mwanamfalme Konstantin Konstantinovich, mpwa wa mfalme, kijana wa jeshi la majini, alikuja kama mgeni wa kawaida, inasimuliwa Kuindzhi akamtajia bei ya kumfukuza, ruble 5000, dogo akasema sawa nachukua. Kwa hiyo taa ya Bolshaya Morskaya haikuuza picha, picha ilikuwa imeshaondoka.

Pili, taa hiyohiyo ungeiwasha kwenye picha ya mtu mwingine ungeona rangi zimewaka basi. Hii ilitoa mwanga. Kwa nini? Angalia lile giza, si jeusi, ni la joto, kahawia linaelekea wekundu. Mto na mwezi ni baridi, ukijani. Jicho likiona joto na baridi vimebanana linakuza tofauti lenyewe, linakuongezea mwanga ambao haupo kwenye rangi. Halafu sehemu za giza kapaka nyembamba laini, sehemu ya mwanga kapaka nene mpaka ina mabonge, kwa hiyo taa ikipiga, mwangaza unanasa kwenye mto na giza linabaki limelala. Na kule kwenye vibanda kaweka vidirisha vya mwanga mwekundu vidogo kama punje. Ukivifunika kwa kidole mwezi unapoa nguvu. Jaribu.

Nikwambie kitu cha kibandani. Bibi harusi akitaka meno meupe kwenye picha, fundi mchanga anaongeza weupe kwenye meno, yanatoka kama vigae vya choo. Fundi mzoefu hagusi meno. Anashusha mwanga wa shela na wa ukuta, anaongeza wekundu kidogo kwenye mdomo, meno yanawaka yenyewe. Kuindzhi alikuwa hapo.

Na hakuwa anabahatisha. Pale chuo kikuu Petersburg kulikuwa na profesa wa fizikia anaitwa Petrushevsky anachunguza mwanga na rangi, wachoraji walikuwa wanaenda kwake pamoja na Mendeleev. Repin anasimulia kwamba kulikuwa na kifaa cha kupima jicho linatofautisha rangi kwa kiasi gani, Kuindzhi akavunja rekodi ya wote. Sasa ukiniambia kiki, nakubali ukumbi ulikuwa kiki. Ila jicho lile si kiki.

#12 Mdau

Sawa nimeelewa, naondoa kalenda yangu.

#13 Mdau

Na hiyo picha iko wapi leo?

#14 Mtoa mada

Ipo Petersburg, Makumbusho ya Urusi. Lakini hapa pana maumivu kidogo. Yule mwanamfalme aliipenda kiasi cha kutaka kuibeba kwenye safari ya meli ya kivita. Turgenev akapiga kelele, akasema hewa ya chumvi itaiua, mpaka akamshawishi ikae siku chache Paris ionyeshwe. Kwa muda ikakaa, halafu jamaa akaichukua baharini hivyohivyo. Na hata bila bahari Kuindzhi mwenyewe alikuwa ametumia rangi zenye lami ndani yake, ambazo zinapendeza zikiwa mbichi ila miaka inavyokwenda zinazidi kuwa nyeusi. Kramskoi alishakuwa na hofu hiyo mapema kabisa, akaandika barua akiuliza kama rangi hizi zitadumu au wajukuu watatushangaa tulikuwa tunalilia nini. Kwa hiyo kinachoonekana leo kimezama kuliko kile walichokiona 1880.

Sasa sehemu ninayoipenda. Baada ya 1882 akaacha. Si kuchora, kuonyesha. Alikuwa juu kabisa, jina kubwa, pesa zinakuja, akafunga mlango. Karibu miaka 20 hakuna aliyeona kitu kipya, mwaka 1901 akafungua kidogo kwa watu wachache wa kualikwa, halafu akafunga tena mpaka kufa. Mtaani maneno yakawa mengi, mpaka ukazuka uvumi kwamba huyu si mchoraji kabisa, ni mchunga mifugo aliyemuua Kuindzhi halisi kule Crimea akamwibia picha zake, na sasa zimeisha! (Nyie mnadhani umbea umeletwa na simu.) Wanafunzi wake wanasema alipoulizwa alijibu kwamba mchoraji ni kama mwimbaji, sauti ikianza kushuka aondoke jukwaani wasije wakamcheka. Mimi naona na ile makala ya 1879 ilikuwa bado inamchoma, ila hayo ni yangu.

Pesa alipata kwenye nyumba. Alinunua majengo ya kupangisha chakavu pale kisiwa cha Vasilievsky, humohumo Petersburg, akayakarabati akauza kwa faida. Akanunua na ardhi pori pwani ya Crimea, wakakaa na mkewe kwenye kibanda. Petersburg hawakuwa na mtumishi, mke anapiga piano yeye fidla, chakula cha kawaida. Hela zinaenda kwa watu. Na kwa ndege. Mchana juu ya paa la nyumba yake njiwa, kunguru na shomoro walikuwa wanamjia kwa makundi anawalisha, mgonjwa anamtibu, kuna kisa kwamba alimpasua njiwa koo ili apumue na kipepeo akamuunga bawa. Mchora katuni mmoja, Shcherbov, akamchora anampiga ndege bomba la kuharisha. Mzee alinuna sana.

1894 Akademia ileile iliyompiga chini mara mbili ikamuita awe profesa. Wanafunzi walimpenda vibaya mno: Roerich, Rylov, Purvītis aliyekuja kuwa mkubwa Latvia, Ruszczyc wa Poland. Hakutaka wachore kama yeye, ukiwaangalia hawafanani hata kidogo. 1897 wanafunzi wakagoma, yeye akasimama nao, wakamfungia nyumbani siku mbili na kazi ikaishia hapo. Mwaka uliofuata akawachukua wanafunzi wake kwa hela zake akawazungusha Ulaya waone makumbusho. 1904 akaipa Akademia, ileile tena, ruble 100,000 ziwe zawadi za kila mwaka kwa vijana. Alipofariki Julai 1910 kwa ugonjwa wa moyo, karibu kila alichokuwa nacho, picha, fedha na ardhi ya Crimea, alikiachia chama cha wachoraji, mkewe akawekewa posho ya mwaka.

#15 Mdau

Posho tu? Hapo kwa mke sijamuelewa kabisa, kakaa naye kibandani miaka yote hiyo.

#16 Mtoa mada

Hata mimi hapo nilikwama dada. Waandishi wengi wanasema walikubaliana, wote hawakuwa watu wa makuu. Ila aliyeandika wosia ni mmoja.

#17 Mdau

Huyu ndio yule picha yake iliibiwa mchana kweupe Moscow?

#18 Mtoa mada

Ndio huyohuyo! Tarehe 27 Januari 2019, Jumapili, jumba la Tretyakov limejaa watu. Jamaa akasogea ukutani akaitoa Ai-Petri, picha ndogo ya mlima wa Crimea, akaibeba akatoka nayo, watu wanamwangalia wakidhani ni mfanyakazi wa pale. Kesho yake akakamatwa na picha ikapatikana.

#19 Mdau

Mkuu nimeifungua hiyo ya mbalamwezi kwenye simu naona giza tu.

#20 Mtoa mada

Zima taa ya chumbani, ongeza mwanga wa simu mpaka mwisho, usianze na mwezi. Anza chini kwenye vibanda, tafuta vile vidirisha vyekundu. Ukishaviona ndio upandishe macho.

#21 Mdau

Nimeviona. Aisee.